Nyumba ya Mashine ya Mtama

Mashine ya kupura mtama ilifika kwenye mashamba ya kando ya mto Turkwel, nje ya Lodwar, Februari 2013. Ilipokelewa kwa maombi, hotuba tatu na mbuzi wawili. Mmoja wa mbuzi hao alikuwa wa Namuria, mjane mwenye robo ekari ya mtama. Yeye hakuombwa kuhutubu.

Wakulima walielezwa kwamba kupura kwa fimbo juu ya mchanga hupoteza gunia moja katika kila matano. Walishukuru kwa habari hiyo. Mchanga walikuwa wakiutafuna kila siku, ila hawakuwa wamejua asilimia yake.

Wekesa, afisa wa mradi, akaijengea mashine nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji, kisha akaondoka na mkanda wa kuizungusha. Mkanda ni mpira, na Wekesa alikuwa amesikia kwamba Waturkana hukata mpira wowote wakatengeneza viatu vya akala. Ukafungiwa kabatini Lodwar. Mashine isiyo na mkanda haipuri, lakini pia haivaliwi miguuni.

Aprili, mtama wa Namuria ulikuwa umekatwa na kurundikwa, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Loima. Mtama ukilowa huchipua, na watoto wake wanne hawakuwa na chakula kingine hadi Agosti. Akampigia Wekesa simu, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, bwana. Lete hiyo mkanda. Mvua iko karibu."

"Mama, kuna fomu. Meneja atasaini Jumatatu."

"Sawa. Nitaambia mvua ingoje Jumatatu."

Mlango haukuwa na kufuli. Kilichohofiwa kuibwa kilikuwa Lodwar. Namuria na jirani yake Nakeno wakaisukuma mashine nje, wakafagia sakafu, wakaingiza mtama na kuanza kuupiga kwa fimbo.

"Hii kitu italowa," Nakeno alisema.

"Ilikula mbuzi yangu. Iko na nguvu."

Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili.

Jumatano Wekesa alifika na mkanda, na fomu ikiwa imesainiwa. Alikuta magunia matano makavu. Akatafuna punje kadhaa, hakuna mchanga. Akaandika kwamba tangu mashine ije, hasara imepungua. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa ilikuwa kweli. Akauliza kama wangependa mashine ya pili.

"Lete," Namuria alisema. "Lakini nyumba yake iwe kubwa kuliko hii. Na mbuzi, safari hii, kuja na yako."