Nilimsomea Mdogo Wangu Ujumbe Nisiouelewa

Nimekosa. Sina wa kumsingizia, hata shetani leo namwacha.

Ni mwanamke mtu mzima, naishi Mbagala, na nimefundisha watoto Qurani miaka mingi. Mungu kanipa heshima mtaani, namshukuru. Heshima hiyohiyo ndiyo iliyoniponza!

Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi hotelini. Asubuhi moja akanijia na simu. Mfanyakazi mwenzake huyo kijana, mtu wa taifa jingine, kaandika kwa Kiingereza kwamba mwanawe yuko "under the weather", na kaweka namba ya kupiga.

"Dada, anasemaje?"

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nilitambua neno moja tu, "weather", yaani hali ya hewa. Nikasema, "Huko kuna dhoruba, mtandao unasumbua. Ikitulia atapiga mwenyewe."

"Basi tumwoneshe na yule mwalimu jirani."

"Aliyekufundisha Yasini nani, yeye au mie?"

"Haya, shehe wangu, yaishe!" Akacheka, akaenda zake.

Siku ya nne Watanzania wa huko wakapiga. Mtoto kafariki. Siku mbili za mwanzo alikuwa akijitambua, anauliza tu: "Mama kapiga?"

Ya Rabi! Mama yake alikuwa hapa anachambua mchicha, hana habari!

Mwalimu jirani alipokuja msibani nikamuuliza. "Bibi, wakisema hivyo wana maana mtu hajisikii vizuri. Husemwa kwa homa ndogondogo. Labda hakutaka kumtisha mama."

Mdogo wangu kanisamehe. Akiniona nalia hunishika mkono: "Usijilaumu, dada. Ulidhani ni mvua."

Hapo ndipo moyo unapochanika! Sikudhani chochote. Nilijua kabisa kuwa sijui. Darasani nikiulizwa nisilolijua, husema Mungu ndiye ajuaye, wala sioni haya. Siku ile nikaona haya mbele ya mdogo wangu!

Mpaka leo sijamwambia. Nimetubu kwa Mola, naye mlango wake haufungwi. Lakini haki ya mdogo wangu iko mikononi mwake mwenyewe, na ulimi wa kuiomba sina.

Nyie mnaoheshimiwa, mkiletewa ujumbe msiouelewa, semeni "sijui". Aibu yake ni ya dakika moja. Mie kila Ijumaa mdogo wangu ananiletea wali, ananikalia pembeni, ananibembeleza nile, na tonge halipiti.