Mtani Aliyelala Kaburini

Mwantumu binti Mhina ndiye mwanamke wa kwanza kuwa katibu tarafa katika sehemu zile za Handeni, na waliotabiri kwamba hatamaliza mwaka waliishia kumeza maneno yao. Mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipoamuru watu wahamie vijiji vya ujamaa, ofisi iligawanyika. Wengine walitaka malori yahamishe watu mara moja. Mwantumu alitaka wavune mahindi kwanza. Alikuwa amewaahidi wakulima hivyo kwa kinywa chake, na mkuu wa wilaya alimkubalia shingo upande.

Ndipo mjomba wake, Mzee Sadala, akafariki. Ponsiano, karani wake, Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge Korogwe, akaja msibani kama inavyompasa mtani, maana Wanyamwezi na Wazigua ni watani wa jadi. Alivaa kanzu ya marehemu, akajitumbukiza kaburini, akalala chali na kugoma kutoka. Mwantumu akamjibu huku machozi yakimtiririka, maana desturi ndivyo inavyotaka.

"Toka humo, mtani. Malori yenu hayajatosheka na walio hai, mnataka na kiwanja cha marehemu?"

Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani wa msibani, kila Mzigua anajua, huzikwa palepale.

Wiki hiyohiyo Ponsiano alisimama kikaoni, uso mkavu, akayarudia maneno yale yote. Katibu tarafa anaikejeli Operesheni hadharani, alisema. Mkuu wa wilaya, mgeni wa mbali, akauliza nani mwingine alisikia. Wajumbe watatu, Wazigua watupu waliocheka pale kaburini, wakakiri kusikia. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ule ulikuwa utani. Waoga wakubwa! Hao walimuuma Mwantumu kuliko hata Ponsiano. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akavuliwa ukatibu. Malori yalikuja mahindi yangali mabichi, na wanawake waliomwamini wakawa wanampita njiani bila salamu. Kiti chake akakikalia Ponsiano.

Mwaka uliofuata mama yake Ponsiano alifariki kule kambini. Mwantumu akapanda basi la Korogwe, akatoa pole, akaketi mkekani na kina mama. Jeneza likapita mbele yake asilizuie kama watani wafanyavyo. Watu wakatazamana, maana maziko bila utani ni aibu kwa wafiwa. Mwishowe Ponsiano mwenyewe akamwendea, macho mekundu.

"Dada, husemi kitu? Mama anakwenda hivihivi?"

"Nimekuja kumzika mama yako," Mwantumu akasema. "Kwako sina utani, Ponsiano. Mtani wangu alibaki kaburini kwa mjomba."