Mkasi wa Picha za Harusi

Nilipoacha ukarani wa mizigo pale stesheni ya Tabora, mama mkwe alilia kana kwamba nimefungwa jela. Hadi hapo nilikuwa napiga picha za harusi Jumamosi tu, kwa kamera yangu ya miguu mitatu. Lakini harusi zilizidi Jumamosi. Wakatoliki wa mjini, Wamoraviani wa vijijini, wote walinitaka. Nikasema potelea mbali, nikapanga chumba mtaa wa Gongoni, nikatundika kibao.

Mke wangu hakulia. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na ile ya pili nusura iondoke naye. Aliuliza tu, "Na siku zisizo na harusi?"

Nikamwambia Mungu atazijaza. Laiti ningenyamaza.

Wiki ile ile akaja mzee kutoka Igalula, ameshika picha ya harusi ya bintiye niliyoipiga mwenyewe.

"Mwanangu, mtoe huyu mume," akasema. "Nataka binti peke yake, picha kubwa. Tumeshamzika. Ni ya kutundika siku ya arobaini."

Nikampa pole, nikatafuta mkasi.

Wakati ule watu wengi walipigwa picha mara moja tu, siku ya harusi. Mtu akifa, sura yake iko pale tu, imebanana na ya mwenzake. Vile vioo vya kamera vinavyoshika sura, vya kuchapia picha nyingine, vilikuwa ghali, nami nilikuwa nimeshavikwangua nivitumie tena. Kwa hiyo nilikata. Kilichobaki nilikibandika kwenye kitambaa cheusi, nikakipiga upya. Nusu nyingine naifunga kwenye karatasi, nawapa waondoke nayo. Wengine waliisahau mezani, na mimi naogopa kuitupa.

Wakaja wa Nzega, wakaja wa mtaani. Wengi walileta picha nilizopiga mwenyewe, za mabibi harusi waliokufa wakijifungua. Nikaanza kuichukia kazi niliyoililia. Kanisani namwambia bibi harusi amsogelee mumewe, kumbe jicho langu linapima pa kupitisha mkasi. Niliona aibu, lakini jicho halikuacha.

Mke wangu aliyaona yote. Ndiye aliyewapa wafiwa maji ya kunywa. Mimba ilipofika mwezi wa nane, asubuhi moja akaingia amevaa gauni lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha maharusi.

"Nipige."

"Leo kuna nini?"

"Nipige peke yangu, bwana. Usije ukahangaika kukata."

Niliingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Kwenye kioo cha kutazamia, kinachopindua kila kitu, alionekana kichwa chini miguu juu, ametulia, mikono tumboni. Nikatoka, nikamwita fundi cherehani wa barazani, nikamwonyesha pa kubonyeza. Kisha nikasimama nyuma ya mke wangu, nikamshika mabega yote mawili, nikainama mpaka shavu langu likagusa lake. Mkasi usingepata pa kupita.

"Umeiharibu," akanung'unika.

"Ndiyo."

Alirudi kutoka hospitali na mtoto wa kike. Picha ile ipo ukutani, nzima, imekwenda upande kwa sababu fundi alitikisa kamera. Kioo chake sikukikwangua. Hata hivyo, hadi leo mke wangu akikohoa, najua mkasi uko wapi.