Daktari wa Meno na Filamu ya Bawabu

Daktari wa meno huyu hana maneno mengi mpaka mgonjwa aachame. Hapo ndipo, kioo kidogo kikiwa shavuni mwa mtu, anapoanza kuiponda ile filamu mpya. Katuni ya Kijapani aliyokua akiitazama tangu utotoni imezaa filamu, na shujaa wake hayumo. Saa mbili nzima wamempa bawabu, ambaye kwenye katuni kazi yake ilikuwa kufungua lango na kupiga miayo. "Bawabu, jamani!" hulalamika, mikono yake myepesi kama ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Wameniharibia!" Mgonjwa hujibu "aaa", naye huihesabu hiyo kuwa kura ya ndiyo. Kisha mashine ikianza kunguruma, huimba chinichini wimbo wa filamu hiyohiyo, beti zote.

Leo mwalimu mmoja alisukutua, akatema, akasema kwa nia njema, "Kweli, daktari. Hata mimi niliiona. Takataka tupu."

Mikono ikasimama. "Takataka? Pale bawabu anapolifunga lango mara ya mwisho, hukulia?"

"Hata kidogo."

Daktari akaivuta taa karibu. "Basi achama, mwalimu," akasema kwa upole. "Achama zaidi."