Afisa Aliyekataa Barua ya Msamaha

Ukisema Thika kwamba umesomea saikolojia, mtu hucheka kwanza, halafu anasogea kidogo usije ukamsoma akili. Wavinya alizoea. Babake, Kivuva, mkulima wa Murera, aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari, nao wakaanza kumletea magoti yanayouma. Miaka miwili alizungusha vyeti. Wenzake wa darasani walikuwa wametawanyika kila upande: mmoja akiwashauri waraibu wa pombe katika kituo fulani cha Ruiru, mwingine akifundisha watoto wanaochelewa kusoma, mwingine yuko benki, kazi yake kujua kwa nini wateja wanahama. Wavinya alitaka ofisi yake yenye kibao mlangoni. Alichopata ni meza katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja cha mananasi, Eneo la Viwanda, apange likizo na kutunza mafaili.

Alilia siku mbili huko Kiganjo alikopanga chumba. Siku ya tatu aliripoti kazini saa moja kasorobo, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilalamika. Wengine katika ofisi ile waliwajua wafanyakazi kwa namba. Yeye alijua nani ana mgonjwa nyumbani, nani ameanza kula chakula cha mchana peke yake, na tangu lini.

Ndipo likaja jambo la Kaleli.

Kaleli alikuwa ameendesha mashine ya kufunga vifuniko vya mikebe kwa miaka kumi na mmoja bila doa. Ghafla, ndani ya wiki tatu, akasimamisha laini nzima ya uzalishaji mara nne. Laini ikisimama mananasi yanarundikana, na Njau, mkuu wa uzalishaji, anapanda mori. Njau alisema mtu huyo ameanza kulewa, afutwe Ijumaa. Kaleli akatakiwa aandike barua ya kujieleza, naye akaileta imekunjwa vizuri: kwa unyenyekevu mkubwa aliomba msamaha kwa uzembe wake.

Maneno yale Wavinya alikuwa ameyaona mahali. Akafungua kabati la mafaili akakuta barua kumi na moja za watu tofauti, zote sawa hadi kwenye mkato. Mtunzi alikuwa Jeconia, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu mwema kabisa, aliyeamini kwamba bosi akinyenyekewa hulainika. Kila mwenye shida alipewa mfano ule aunakili. Hakuna aliyewahi kumwambia Jeconia kwamba ofisini barua hiyo husomwa kama kukiri kosa. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walifutwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwazamisha watu wake kwa huruma tupu.

Wavinya alimrudishia Kaleli karatasi yake.

"Hii sitapokea, mzee," alimwambia. "Niambie tu vile ilikuwa."

Kaleli akanyamaza. Mwingine angemhimiza, au angemtajia Ijumaa. Wavinya alisomea miaka minne jinsi ya kuuacha ukimya wa mtu ufanye kazi yake, na nakwambia si kazi rahisi, jaribu siku moja. Alingoja mpaka chai ikapoa.

"Madam, ni ile mkono ya Eddie," Kaleli akasema mwishowe.

Eddie alikuwa mwenzake aliyepoteza vidole viwili mwanzoni mwa wiki hizo tatu kwenye mashine ile ile, akitoa mkebe uliokwama. Kiwandani ndiyo desturi: mkebe ukikwama unautoa na mkono mashine ikiendelea kuzunguka, kwa sababu kila ikizimwa, zamu yako inaandikiwa kosa. Tangu siku hiyo, Kaleli akiona mkono karibu na mashine, kidole chake hufika kwenye swichi nyekundu kabla hajawaza. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Aliona aibu, mtu wa miaka hamsini kuogopa mikebe. Afadhali aitwe mlevi.

Ijumaa walikaa wanne: Njau, Jeconia, Kaleli, na Wavinya wa kuandika kumbukumbu tu. Alikuwa ameomba ruhusa ya Kaleli kuyataja aliyomweleza, na alikuwa amewauliza watu wa laini kuhusu kila tukio. Akaomba kusema.

"Amezima mashine mara nne," alisema. "Mara zote nne kulikuwa na mkono wa mtu ndani."

Akaendelea kwamba Kaleli anahitaji mshauri na wiki chache mbali na mashine ile, na kwamba mkebe ukikwama mashine izimwe, bila zamu kuandikiwa kosa. Njau akajibu kuwa hiki ni kiwanda, si hospitali. Hapo Jeconia akakohoa, na kwa mara ya kwanza hakumwombea mtu msamaha. Alisema chama kinataka hayo yote kwa maandishi. Wavinya akayaandika pale pale akamsogezea Njau, naye akayasoma mara mbili. Halafu akatia sahihi. Kaleli alibaki na kazi yake.

Kaleli alimpa Wavinya mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, akatoka na Jeconia. Wavinya akakusanya karatasi, amejaa fahari, na alistahili. Ndipo alipoona Njau hajainuka. Baadaye aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Siku hiyo Eddie alitaka kuzima," Njau akasema. "Ni mimi nilimwambia atoe tu na mkono."

Wavinya hakuandika neno. Alimwacha aseme yote mpaka yakaisha: jinsi kila Kaleli alipozima mashine, yeye Njau alihisi kama anashtakiwa mbele ya watu, na jinsi alivyokuwa hajathubutu kwenda kumwona Eddie hata mara moja. Kisha Wavinya akamuuliza kama angependa waende kumwona pamoja. Njau akaitikia kwa kichwa, akafunika uso, akalia.