Nilimlazimisha Mjukuu Wangu Afunge Malalamiko ya Kisima

Nyinyi wazazi mnaowaambia watoto wenu "usionyeshe watu makosa yako", nyamazeni kwanza mnisikie. Mnajifanya kulinda jina la boma, kumbe mnaliozesha. Najua, kwa sababu mimi nimeliozesha langu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nina miaka sitini na kitu, mjane, nakaa Lodwar, nasuka vikapu vya majani ya mkoma. Shule niliachia darasa la tatu. Mjukuu wangu wa kike, nitamwita Akiru ingawa si jina lake, nimemlea tangu mama yake afariki, na amesomea kompyuta. Yeye na wenzake wa nchi za mbali wanatengeneza programu inayoonyesha kisima gani cha pampu kina maji na kipi kimekufa, kuanzia huku kwetu mpaka Lokichoggio. Hawalipwi. Programu ni ya wote, na mtu yeyote anaweza kuifungua aone jinsi ilivyotengenezwa ndani.

Mwaka huu wa 2013 watu walileta habari ya kumposa Akiru. Mjomba wa huyo kijana anayeposa anafanya kazi ofisini, kompyuta anaijua. Siku hiyo nilimkuta Akiru anasoma orodha, nikamwambia anisomee. Kumbe ni malalamiko! Kila kosa lina namba yake, na pembeni jina la mjukuu wangu. Kumi na moja.

"Nani hawa wanakutukana mbele ya dunia?"

Akacheka. "Nyanya, hawatukani. Mtu akiona kosa analiandika. Mimi nikilichukua naweka jina langu. Narekebisha kila moja peke yake, naandika nimebadilisha nini na kwa nini, mwenzangu anakagua, na aliyelalamika akisema sawa, ndipo tunalifunga, yaani limekwisha."

"Na mjomba wa mchumba wako akifungua?"

"Ataona nafanya kazi."

"Ataona umezungukwa na makosa kama maiti na nzi! Kwetu aibu ya boma inamalizwa ndani ya boma. Funga yote kabla hawajafika, la sivyo usiniite nyanya yako."

Alinibembeleza siku mbili. Nilikataa hata chai yake. Siku ya tatu akakaa chini, akarekebisha haraka haraka yale aliyoweza, akayarundika yote pamoja na kuyaingiza bila mtu kukagua, maana alikuwa amepewa ruhusa hiyo kwa kuaminiwa. Penye sababu akaandika neno moja tu, "marekebisho". Kisha akafunga yote kumi na moja. Nikampikia nyama. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mjinga.

Wageni walikuja, wakakubali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya kompyuta.

Baada ya wiki mbili ikaja taarifa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Programu ilikuwa inaonyesha pampu moja iliyokufa kuwa inatoa maji. Mama mmoja Mkongo alikuwa ameshaliandika kosa hilo, nalo lilikuwa miongoni mwa yale kumi na moja. Alipoona limefungwa, akaamini pampu imetengenezwa. Yeye na watu wake wakatoka na punda na mitungi, wakakuta chuma kikavu. Binti yake mjamzito akaanguka kwa jua, akabebwa kwa pikipiki hadi hospitali. Alipona, namshukuru Mungu.

Wenzake Akiru walitafuta rekebisho gani kati ya yale lilikuwa bovu, hawakulipata, kwa sababu mambo kumi na moja yalikuwa yamefungwa furushi moja. Ikabidi waliondoe furushi zima, mazuri na mabaya. Akanyang'anywa ruhusa yake.

Akiru alienda Kakuma kuomba radhi. Nikafuatana naye nikiwa nimejiandaa kugombana. Yule mama alitupa viti, akasema, "Miye niliandika kusema pompi ilikufa. Mulifunga maneno yangu bila kuniuliza. Juu ya nini mulifanya vile?"

Akiru akasema, "Kosa ni langu, mama. Nilikuwa na haraka."

Nami, mwenye mdomo wa kusikika mpaka Kalokol, nilitazama miguu yangu. Nikanywa maji ya yule mama, nikamwacha mjukuu wangu abebe kosa langu. Njiani Akiru hakunilaumu hata kwa neno moja. Sasa wenzake wanamwita mzembe, na mzembe ni mimi.

Nishaurini nianzie wapi: kwa yule mama ambaye nilikunywa maji yake, au mbele ya wakwe, hata kama posa itavunjika? Atakayeniambia wakati utafunika asijisumbue kuandika.

Na wewe Akiru, najua unausoma ukurasa huu na umeshanijua. Hapa wenye ukurasa wamelificha jina langu, wewe usilifiche. Fungua yale malalamiko yote upya, uanze na la yule mama, moja moja kama mlivyozoea, na penye sababu andika kwamba nyanya yako alikulazimisha. Andika jina langu kamili. Kisha uniite nikae karibu, unisomee kila neno kabla hujalituma.