Nimefuta Kauli Yangu Kuhusu Uyoga

Jamani, leo nimetubu hadharani sokoni Same, juu ya kreti ya soda.

Iko hivi. Daktari amenipunguzia nyama. Binti yangu muuguzi akasema, "Baba, kula uyoga. Una lishe na hauna mafuta."

Sawa. Mzee wa kisasa mimi!

Mke wangu akanielekeza: "Nenda kwa yule bibi wa Myamba, jirani na wauza dagaa. Usinunue kwingine."

Nikafika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ndugu Katibu."

Sijaitwa hivyo tangu enzi za kijiji cha ujamaa, nilipokuwa katibu wa vijana, suruali ya kaki na mdomo mrefu. Siku moja kikaoni niliwasema akina mama walioacha shamba la kijiji wakaenda kuchuma uyoga kwenye vichuguu. Nikauita chakula cha wavivu. Nilipigiwa makofi (na wanaume).

Bibi huyu alikuwa mmoja wa wale akina mama.

Akafunika ungo wake. "Siuzi mpaka ufute kauli. Siku ile ulisimama. Simama."

Na magoti haya! Nikapanda kreti, nikatangaza kwamba uyoga ni chakula cha wachapakazi. Wauza dagaa wakashangilia.

Nyumbani, mke wangu anakaanga huku anacheka peke yake. Nikamuuliza kwa nini alinituma kwa bibi yule tu.

"Kwani siku ile mimi nilikuwa wapi? Nilikaa ubavuni kwake."

Chekeni tu. Miaka yote hii ya ndoa, kumbe mwenzangu alikuwa anamsubiri daktari.